Nataka kugombea kiti cha bodi ya shule hapa Minnesota: nianzie wapi?

Msomaji mmoja ameniandikia hivi:

"Habari yako. Mimi ni mama wa watoto watatu, kwetu ni Kisii, na sasa naishi kitongoji kimoja kaskazini mwa Minneapolis. Nina miaka 14 Minnesota na uraia nilipata 2019. Kazi yangu ni kutunza wazee, zamu ya usiku. Watu wa kanisani wananisukuma nigombee bodi ya shule Novemba hii ya 2026, kwa sababu kwa miaka mingi nimekuwa nikifuatana na wazazi wasiojua Kiingereza kwenda shuleni kuwasemea. Wameshafungua kikundi cha WhatsApp cha kuchanga, na kaka zangu walioko Nairobi wanasema nao watatuma kitu. Sijawahi kugombea chochote maishani. Je, nahitaji pesa ngapi? Watu wetu wanatosha kunipitisha? Na hii lafudhi yangu, itakuwaje?"

Dada, hongera kwa kufikia hapo. Umeuliza maswali matatu, lakini lililo la haraka hukuliuliza, umelitaja tu kwa kupita. Hicho kikundi cha WhatsApp kisimamishe leo, kabla hujaendelea kusoma.

Sisi tumelelewa kwenye harambee. Mtu akiwa na jambo, ndugu wote wanatia mkono, na aliye mbali ndiye hutuma zaidi. Sheria ya Marekani kuhusu uchaguzi haikubaliani kabisa na desturi hiyo. Mtu asiye raia na asiye na grini kadi haruhusiwi kutoa hata dola moja kwa kampeni yoyote, iwe ya rais, ya gavana au ya kiti kidogo cha bodi ya shule. Kaka zako wa Nairobi hawawezi kutuma. Hawawezi pia kumtumia binamu aliye hapa ili akutolee kwa jina lake, maana hilo nalo ni kosa. Hata ndani ya kanisa lenu wamo watu wanaoishi hapa kihalali kabisa lakini hawaruhusiwi kuchanga: mwanafunzi mwenye viza ya masomo, mtu anayesubiri jibu la ombi lake la hifadhi. Mwenye grini kadi anaruhusiwa kuchanga, ingawa kupiga kura hawezi.

Kwa hiyo tafuta mweka hazina, mtu mmoja mtaratibu anayependa risiti, na umfungulie akaunti ya benki ya kampeni peke yake. Kila anayechanga ajaze karatasi fupi: jina, anwani, kazi, na sahihi chini ya sentensi inayosema yeye ni raia au ana grini kadi. Usimuulize mtu hali ya makaratasi yake mbele za watu. Unajua jinsi jambo hilo linavyochoma. Mpe karatasi, naye asiyeweza kuijaza ataiweka kimya mfukoni. Zilizokwisha kuingia kutoka kwa wasioruhusiwa zirudishwe, na kumbukumbu ya kurudisha ihifadhiwe. Kwa kitongoji cha ukubwa wa kwenu, Minnesota inamruhusu mtu mmoja kukupa hadi dola 600 katika mwaka wa uchaguzi. Kampuni hairuhusiwi kukuchangia kabisa, kwa hiyo yule rafiki yako mwenye kampuni ya kutunza wagonjwa atoe hundi yake binafsi, si ya kampuni. Na ukishapokea au kutumia zaidi ya dola 750 kwa mwaka, unatakiwa kupeleka ripoti ya fedha kwa ofisi ya wilaya ya shule ndani ya siku 14. Nimekuwa mweka hazina wa kampeni nne za namna hii, na nakuambia: watu hawaanguki kwa wizi, wanaanguka kwa kutoandika.

Sasa twende kwenye kiti chenyewe, kwa sababu naona hata wanaokusukuma huenda hawakijui vizuri.

Kwetu Kenya, tangu Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kila shule ina bodi yake ya usimamizi, ile tunayoiita BOM, na wazazi huwa na wawakilishi wao sita humo. Ni bodi ya shule moja: choo kimebomoka, basi la shule limekwama, mwalimu mkuu hasikilizani na mfadhili. Bodi unayotaka kuingia wewe ni kitu kingine. Inasimamia wilaya nzima ya shule, labda shule kumi na tano, yenye watoto maelfu. Ina wajumbe sita, mahali pengine saba, wanaochaguliwa kwa miaka minne, nusu kwa nusu kila baada ya miaka miwili. Hawa ndio wanaomwajiri msimamizi mkuu wa shule zote na kumfukuza. Wanapitisha bajeti. Wanapanga kiasi cha kodi ya nyumba, ile anayotozwa mwenye nyumba na si ya mpangaji, kitakachokwenda shuleni, na wanaamua kama waombe wananchi wapige kura ya kuiongeza. Wanakubaliana mikataba na vyama vya wafanyakazi, wanafunga shule zilizopungukiwa watoto, wanaamua kalenda. Sehemu kubwa ya fedha hutoka jimboni kwa hesabu ya vichwa. Kwa mwaka wa masomo wa 2024–25 kiwango cha msingi kilikuwa dola 7,281 kwa mwanafunzi. Kiwango hicho bodi haikipangi. Kazi yake ni kuamua ziende wapi.

Na yapo ambayo mjumbe hawezi. Hawezi kumhamisha mwalimu aliyemkaripia mtoto wa jirani. Hawezi kubadilisha alama. Peke yake hawezi kuamuru chochote, hata kumtuma mfagiaji; nguvu yake ni kura moja ndani ya kikao cha wazi. Wagombea wengi wa jamii zetu huahidi mambo ambayo kiti hakina uwezo nayo, wakishinda wanaonekana waongo, na mgombea wetu wa pili hasikilizwi tena. Ndiyo maana naomba uanze hapo, kwa kujiuliza ni jambo gani moja unalolitaka ambalo kura ya bodi inaweza kulifanya.

Nadhani unalo tayari. Umeandika kwamba unafuatana na wazazi kwenda kuwasemea.

Miaka kadhaa iliyopita nilikaa kwenye kikao cha mzazi na mwalimu, katika shule ambayo sitaitaja. Mezani tulikuwa wanne: mwalimu, mama mmoja Mkongomani, binti yake wa miaka kumi, na mimi niliyekuja kwa jambo jingine nikaombwa nikae kidogo. Mkalimani hakuwepo. Aliyekuwa akitafsiri ni yule binti. Mwalimu akasema kwa Kiingereza kwamba mtoto yuko nyuma sana katika kusoma, na kwamba angependa apimwe ili apewe msaada wa pekee, lakini anahitaji sahihi ya mama. Binti akamgeukia mama yake, akaangalia meza, akasema kwa Kiswahili: "Mwalimu anasema niko sawa, nisome zaidi." Mama akatabasamu, akamshukuru mwalimu kwa mikono miwili. Mwalimu naye akafurahi, akidhani wamekubaliana. Ikabidi niingilie, na nilivyoona uso wa yule mtoto sitausahau. Hakuwa mwongo. Alikuwa mtoto aliyebebeshwa kazi ya mtu mzima.

Sasa angalia ni wapi jambo hilo linashikika. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, na uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa 1974 katika kesi ya Lau v. Nichols iliyohusu watoto wa Kichina wa San Francisco, ziliweka msingi kwamba shule haiwezi kumwacha mtoto akae darasani bila kuelewa, kisha iseme imempa nafasi sawa na wengine. Uamuzi wa 1982, Plyler v. Doe, ukasema mtoto hawezi kunyimwa shule ya umma kwa sababu ya makaratasi. Lakini fungu la wakalimani halimo katika uamuzi wa mahakama. Limo katika bajeti ya wilaya, mstari mmoja ambao wajumbe sita huupitisha kila Juni. Sera ya kwamba mtoto asitumike kutafsiri kikao chake mwenyewe ni sera ya bodi. Muda wa kuagiza mkalimani, lugha za barua zinazokwenda nyumbani, simu ya siku ya theluji itapigwa kwa lugha gani, hata ule upimaji ambao kila mtoto wa Minnesota hupaswa kufanyiwa kabla ya kuanza chekechea na ambao wazazi wetu wengi huusikia wakiwa wamechelewa: haya yote bodi inaweza. Hilo ndilo jambo lako. Liandike kwa sentensi mbili na uzishike hadi Novemba.

Lakini halitoshi, kwa sababu wengi watakaopiga kura si wazazi wetu, na wengine hata watoto shuleni hawana. Hapa naingia kwenye swali lako la pili, na nitalijibu kwa namba.

Fungua tovuti ya Waziri wa Jimbo, ofisi inayosimamia uchaguzi hapa Minnesota, tafuta matokeo ya bodi yenu ya 2022 na 2024. Usiangalie aliyeongoza. Kama viti vilikuwa vitatu, angalia kura za yule wa tatu, wa mwisho kuingia. Tuseme ni 6,900. Basi lengo lako ni 7,500, uliandike kwenye karatasi uibandike jikoni. Halafu keti na watu wawili mnaoaminiana mhesabu watu wetu kwa ukweli. Mna familia mia mbili za Kenya katika wilaya? Ni wangapi waliomo ndani ya mipaka ya wilaya, maana kanisani watu hutoka miji mitano? Wangapi ni raia? Wangapi wamejiandikisha? Mara nyingi nimeona watu "mia sita wetu" wakigeuka kura 130 tulipomaliza kuhesabu. Kwa hiyo hapana, dada, watu wetu hawatoshi. Hata wakijumlishwa na Waliberia, Wasomali na Wakongomani wa mtaa wenu, hawatakufikisha peke yao. Lakini wao ndio watakaopiga simu, watakaotembea, watakaopika chai. Hesabu yako ya kura iko kwenye nyumba za majirani msiowajua.

Kuna jambo moja la karatasi ya kura ambalo watu wetu lazima walielewe. Kiti cha bodi ya shule kiko chini, mara nyingine nyuma ya karatasi. Mtu anajaza rais au gavana, anachoka, anaondoka. Wafundishe wageuze karatasi. Pia karatasi itasema "chagua hadi watatu." Hiyo "hadi" ni ruhusa, si amri. Anayekutaka wewe tu anaweza kujaza kiduara chako kimoja akaacha vingine, na kura yake ni halali kabisa. Akijaza vinne, sehemu hiyo yote inaharibika. Chora mfano kwenye ubao baada ya ibada, waone.

Nimesema ubao baada ya ibada, basi niseme na habari ya kanisa lenyewe. Tangu 1954 sheria ya kodi ya Marekani ina sharti kwamba kanisa, msikiti au shirika la hisani lililosamehewa kodi lisimpigie debe mgombea. Somo la jinsi ya kujaza karatasi ya kura ni elimu, halina ubaya, mradi mfano wa ubaoni uwe wa majina ya kubuni na si lako. Mchungaji kutangaza jina lako madhabahuni, usimwombe hilo. Kama yeye binafsi, kama jirani, anakuunga mkono na unataka kuliweka jina lake kwenye kipeperushi, Minnesota inadai akupe ruhusa kwa maandishi. Hilo ni kwa mtu yeyote: hata mwalimu mstaafu aliyekukumbatia sokoni, usiandike jina lake bila karatasi yake.

Ukiwauliza watu wa hapa kampeni hii inahitaji pesa ngapi, watakuambia maelfu. Mimi nitakupigia hesabu moja tu. Stempu ya kadi ya posta ilipanda hadi senti 61 Julai 2025. Kwa bei hiyo, kadi moja moja kwa nyumba 5,000 ni dola 3,050 za stempu peke yake, kabla hujalipa mchapaji, na wengi wataitupa pamoja na matangazo ya pizza. Kwa fedha pungufu ya hapo unaweza kuchapa vipeperushi elfu nne vizuri, mabango mia moja ya kusimamisha kwenye majani mbele ya nyumba, na kununua orodha ya wapiga kura kutoka ofisi ya jimbo, ambayo huuzwa kwa ada ndogo kwa kazi za uchaguzi. Kinachobaki ni viatu. Kila kipeperushi na kila bango liwe na maneno yanayosema nani ameliandaa na kulilipia, pamoja na anwani. Yakikosekana ni kosa la sheria.

Orodha hiyo ndiyo itakayokuambia mlango upi wa kugonga. Usigonge kila nyumba. Gonga nyumba za watu waliopiga kura katika chaguzi mbili au tatu zilizopita, maana hao watarudi. Ukitoka jioni tatu kwa wiki, milango 40 kila jioni, kwa wiki kumi na mbili, ni milango 1,440. Kwa ninavyoona, theluthi moja hufunguliwa. Una mazungumzo kama 480 wewe mwenyewe. Sasa weka wasaidizi kumi wanaofanya nusu ya hiyo. Hapo ndipo ile 7,500 inapoanza kuonekana kama kitu kinachowezekana, kwa sababu mwenye mlango humwambia mkewe, na mke humwambia dada yake.

Kwenye apatimenti ambako watu wetu wengi wanaishi, utaambiwa na meneja kwamba hairuhusiwi kuingia. Inaruhusiwa. Sheria ya Minnesota inasema mwenye jengo hawezi kumzuia mgombea aliyekwisha kuwasilisha fomu, akiwa na wasaidizi wake, kuingia kufanya kampeni. Anaweza kudai kitambulisho, kupanga saa za heshima, kupunguza idadi yenu, au kutaka mfanye miadi. Beba nakala ya kifungu hicho, 211B.20, ndani ya bahasha, na uongee kwa upole. Ila milango ya wahamiaji siku hizi haifunguki kwa mtu mwenye karatasi mkononi, na hofu yao ina sababu. Kwa hiyo kwenye majengo hayo piga simu kwanza, au nenda na mtu anayeishi humo, aite kwa jina.

Na kipeperushi kisiingie kwenye sanduku la barua. Ni la posta, na sheria ya shirikisho inakataza kutia humo kitu kisicho na stempu. Katika kampeni yangu ya kwanza nilisahau kuwaambia vijana wetu, wakatembea mtaa mzima wakijaza masanduku kwa bidii. Mjumbe wa posta alivitoa vyote siku hiyo hiyo, na mimi na mgombea tulitumia jioni mbili kurudi nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Bana kwenye kitasa cha mlango.

Mlangoni useme nini? Sema jina lako, sema unagombea bodi ya shule, kisha uliza na unyamaze. Nilisimama kwenye baraza la mzee mmoja, mwezi wa Septemba, akiwa anakusanya majani, mbwa wake ananusa viatu vyetu. Mgombea wangu alikuwa Mwafrika mwenye lafudhi nzito kuliko yako, nina hakika. Mzee hakuuliza ametoka wapi. Aliuliza: "Mtaniongezea kodi?" Mgombea akafungua mkoba, akatoa ile karatasi ya kodi ya nyumba inayokuja kila Novemba, yake mwenyewe ya mwaka uliopita, akamwonyesha mstari wa wilaya ya shule. Akamwambia nyumba yake yeye imelipa kiasi hiki, kimeongezeka kwa kiasi hiki, na kwamba kabla ya kukubali kuongeza angetaka kwanza kuona shule mbili zenye madarasa matupu zinafanywa nini. Mzee akaegemeza reki ukutani. Walizungumza dakika kumi. Akachukua vipeperushi viwili, cha pili cha dada yake aliye mtaa wa nyuma.

Basi hilo ndilo jibu langu kuhusu lafudhi. Atakayekukataa kwa sababu ya lafudhi alishakukataa kabla hujafungua mdomo, usimpotezee jioni yako. Wengine wote wanasikiliza kama unajua unachosema. Soma bajeti ya wilaya yenu mara mbili, hata kama ni kurasa mia, kwa kalamu mkononi. Uliza usichoelewa. Ujizoeze kusema tarakimu za Kiingereza kwa sauti, taratibu, kwa sababu ni kwenye tarakimu ndipo wengi wetu tunajikwaa. Na ukitaka moyo, mwaka 2024 Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, alichaguliwa kuingia Baraza la Wawakilishi la Minnesota, kutoka upande huo huo wenu wa jiji.

Kiti cha bodi ya shule hakina chama kwenye karatasi ya kura. Vyama vinaweza kukuunga mkono kando, na chama cha walimu cha wilaya huenda kikakutumia maswali na kukuita kwa mahojiano. Jibu wote, kwa maneno yale yale. Maneno ya jukwaa moja husikika jukwaa la pili.

Nyumbani mgombea asiyegawa kitu huonekana mchoyo. Leso, sukari, unga wa kilo mbili, nauli ya kurudi. Hapa kumpa mpiga kura kitu chenye thamani ili akuchague ni jinai, na haijalishi kwamba ulifanya kwa ukarimu. Sheria ya Minnesota imeacha mlango mdogo: chakula kidogo na kinywaji kisicho na kileo, cha thamani ndogo, kinacholiwa pale pale mkutanoni. Chai na maandazi, ndiyo. Sinia za pilau ambazo watu watafungiwa waende nazo nyumbani, hapana. Waeleze akina mama wa jikoni mapema, maana wao watapika kwa mapenzi na lawama zitakuwa zako. Siku ya kura usilete gari lenye picha yako mbele ya kituo. Ndani ya futi 100 hakuna kampeni, na fulana yenye jina lako isiingie ndani.

Lingine linalonitia wasiwasi kuliko yote ni hili. Katika msisimko, mtu wetu asiye raia atasema "na mimi nitampigia dada yetu kura." Minnesota huruhusu mtu kujiandikisha siku ile ile ya uchaguzi, tena jirani aliyejiandikisha katika kituo hicho anaweza kumshuhudia kwamba anaishi pale. Utaratibu huo ni rahisi, na kwa hiyo ni mtego kwa asiyejua. Asiye raia akijiandikisha au kupiga kura, hata kwa kutojua, anaweza kupoteza grini kadi na kurudishwa kwao. Nisikilize vizuri: wasaidizi wako wenye grini kadi wapige simu, wagonge milango, wapike chai. Kupiga kura wasipige, na wasitie sahihi fomu yoyote ya kujiandikisha. Sema hivyo kwa Kiswahili, kwa Ekegusii, mbele ya watu wote, kila mkutano. Hakuna kiti kinachostahili familia moja kuvunjika.

Kazi ya usiku je? Vikao vya bodi huwa jioni, kwa kawaida mara mbili kwa mwezi, na kuna vya kamati juu yake. Ukishinda, sheria ya Minnesota inamlazimu mwajiri akuruhusu kutoka kwenda kwenye vikao unavyotakiwa na kiti chako. Anaweza asikulipe saa hizo, au mkapanga uzifidie. Mwambie msimamizi wako wa zamu sasa, si Januari. Posho ya mjumbe ni ndogo na kila bodi hujipangia, kwa hiyo usiingie ukiitegemea. Ndani ya siku 180 za kuingia utafundishwa mambo ya fedha na uongozi wa shule. Huhitaji kuwa mhasibu tangu leo. Na kama wewe mwenyewe umeajiriwa na wilaya hiyo, hata kwa saa chache, uliza kwanza kama unaruhusiwa kukaa kwenye bodi.

Kugombea kwenyewe ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Uwe mpiga kura halali, uwe na miaka 21 utakapoingia kazini, uwe umekaa ndani ya wilaya siku 30 kabla ya uchaguzi. Unajaza hati ya kiapo ya mgombea, unalipa dola 2. Ndiyo, mbili. Jina andika lile unalojulikana nalo na majirani, kwa herufi utakazoweka kwenye mabango, kwa sababu ndilo litakalochapwa kwenye karatasi ya kura. Kama wilaya yenu haina uchaguzi wa mchujo, fomu hupokelewa kuanzia tarehe 28 Julai hadi 11 Agosti 2026, saa kumi na moja jioni siku ya mwisho. Kama ina mchujo, ni 19 Mei hadi 2 Juni. Wilaya chache huchagua katika miaka ya namba witiri, na hizo kiti chake si cha mwaka huu kabisa. Kura za mapema zinaanza 18 Septemba, siku 46 kabla ya tarehe 3 Novemba, kwa hiyo kampeni yako iive mwezi wa tisa, si wa kumi na moja. Na baada ya matokeo, ushinde usishinde, ndani ya siku saba unatakiwa kuthibitisha kwa maandishi kwamba ripoti zako zote za fedha umezipeleka. Mshindi asiyefanya hivyo hapewi cheti cha ushindi.

Kesho asubuhi ukitoka zamu, kabla hujalala, piga simu ofisi kuu ya wilaya yenu umwombe karani mambo matatu: viti vingapi viko wazi mwaka huu, fomu zinafunguliwa lini, na kikao kijacho cha bodi ni siku gani. Kikao hicho nenda. Kaa nyuma, usiongee, andika jina la kila mjumbe na alivyopiga kura kwa kila jambo. Nenda na kinachofuata. Kwenye cha tatu, jiandikishe kuzungumza katika ule muda wa wananchi. Mara nyingi hupewa dakika tatu. Waeleze habari ya mtoto anayetafsiri kikao chake mwenyewe, kisha waulize fungu la wakalimani mwaka huu ni kiasi gani. Uandike jibu watakalokupa, na kama hawalijui, uandike hivyo pia, kisha uniletee hapa pamoja na namba ya yule wa tatu wa 2024, tuendelee.